Waziri akijibu "Serikali inaendelea kutafuta fedha", mbunge afanyeje?

Msikiliza_Bunge

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni mtu wa kusikiliza kipindi cha maswali na majibu bungeni, redio ipo pembeni huku naendelea na kazi zangu, ni mazoea tu ya miaka mingi. Sasa kuna kitu kinanikera na nimeshindwa kukimeza. Mbunge wetu ameuliza kuhusu barabara ileile mara tatu, mikutano mitatu tofauti, na mara zote tatu kajibiwa kitu kilekile ila maneno yamepangwa upya. Mara ya kwanza "Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo". Mara ya pili "upembuzi yakinifu na usanifu wa kina umekamilika". Mara ya tatu ndio hiyo "Serikali inaendelea kutafuta fedha na ujenzi utaanza kulingana na upatikanaji wa fedha". Mbunge anasimama, anasema namshukuru Mheshimiwa Naibu Waziri kwa majibu mazuri, anatupia maswali mawili madogo ya nyongeza, anakaa. Majibu mazuri yapi jamani??

Alafu kuna la pili. Kuna eneo la wazi ambalo kwenye mchoro wa mipango miji lilikua uwanja wa watoto kuchezea, siku hizi lina ukuta na geti, na inasemekana ngazi za juu ziliridhia libadilishwe matumizi. Hilo mbunge hajaliuliza kabisa, anasema hajui aanzie wapi.

Nilimfuata nikamwambia ukweli, hakukasirika, akaniambia basi wewe niandikie rasimu nipeleke kwa Katibu wa Bunge. Sasa nimekaa na kalamu hapa nimeganda. Hivi kuna namna ya kuuliza ambayo waziri hawezi kuikwepa? Wenye uzoefu naomba msaada, sitaki nimuaibishe mzee wa watu.

KiberitiChaMwisho

Acha kujichosha mkuu. Waziri analijua swali mapema, mbunge analijua jibu mapema, Spika anaangalia saa. Usiyejua ni wewe peke yako na redio yako. Badilisha stesheni sikiliza taarabu.

Mzee_wa_Faili

Kiberiti usimkatishe tamaa kijana. Ngoja nieleze maana hili jiko nimepika humo. Nimekaa wizarani miaka mingi, nimestaafu, wizara gani sitaji na msiniulize. Moja ya kazi zangu ilikua kuandaa majibu ya maswali ya Bunge.

Linavyokwenda ni hivi. Swali linakuja kwa maandishi, linashuka mpaka kwa ofisa wa chini kabisa ambaye ndio anajua mambo, anaandika rasimu, inapanda kwa mkuu wa sehemu, inapanda kwa mkurugenzi, inafika kwa Katibu Mkuu, kila mmoja anapunguza sentensi moja yenye ukweli na kuongeza moja yenye heshima. Ikifika kwa Waziri imekua laini kama uji. Pembeni yake tunaambatanisha karatasi ya pili, majibu ya maswali ya nyongeza tunayoyatarajia. Siku yenyewe wataalam wanakaa kule juu kimya, likitokea swali lisilokuwepo kwenye karatasi ndio utaona kikaratasi kinapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa Waziri.

Sasa swali la "ni lini Serikali itajenga", nisikudanganye, hilo lilikua swali ninalolipenda kuliko yote. Dakika ishirini limeisha. Natoa jibu la mwaka jana, nabadilisha jina la barabara, nabadilisha idadi ya kilomita, napeleka. Kuna siku nilisahau kubadilisha jina la wilaya, lile jibu likapita kwa watu wanne wakasaini wote bila kuona, akaja kulikamata dada wa masjala wakati anatoa nakala. Hapo ndio ujue lilisomwa na nani.

Lingine tamu ni "Je, Serikali haioni umuhimu wa". Inaona! Jibu limeisha hapo, Serikali inaona umuhimu, kaa chini.

Lakini nakumbuka swali moja lilitukalisha siku tatu. Mbunge hakuuliza lini. Aliuliza mwaka fulani wa fedha Bunge lilipitisha kiasi gani kwenye kasma fulani, yaani mstari wa matumizi ndani ya bajeti, akaitaja kwa namba yake, Hazina ilitoa kiasi gani kati ya hicho, ilitoa tarehe ngapi, na mkandarasi amelipwa hati ngapi za malipo na zipi bado. Nilienda Uhasibu wakanituma Mipango, Mipango wakanituma Hazina, Hazina wakaniuliza nani anataka kujua. Tulipopata tarehe tukakuta hela ilitoka siku mbili kabla mwaka wa fedha haujafungwa, yaani imefika mlangoni ofisi inafunga. Katibu Mkuu alisoma rasimu yangu akanyamaza mda mrefu, akavua miwani, akasema tukilijibu hivi Waziri ataulizwa zaidi, tusipolijibu hivi atakua amedanganya Bunge. Tukalijibu hivyohivyo.

Kwa iyo kijana ushauri wangu, uliza yaliyokwishatokea. Jambo lililopita lina karatasi mahali fulani, na karatasi ina tarehe na sahihi. La mbele halina kitu zaidi ya maneno, na maneno tulikua nayo stoo nzima.

Na mwambie aache kusema majibu mazuri. Inaingia kwenye Hansard ile, kumbukumbu rasmi za Bunge. Mwaka ujao akilalamika tunamsomea.

Msikiliza_Bunge

Mzee wangu shikamoo kwanza. Nimecheka hiyo ya dada wa masjala lakini imeniuma pia. Swali, hapo kwenye kiasi kilichopitishwa na kiasi kilichotolewa umeniacha kidogo. Mimi nilijua Bunge likipitisha bajeti hela ipo, waziri si ameshapewa? Maana hapa kila mwaka tunasikia barabara yetu "imetengewa fedha" watu wanashangilia mpaka kwenye grupu la wasap.

BintiMkaguzi

Hapo ndipo watu wengi wanapigwa chenga, na wabunge wengi tu wamo humo, sio wewe peke yako.

Kuna maneno manne yanafanana ukiyasikia redioni ila ni vitu vinne. Kutengwa ni wizara imeandika kwenye makadirio yake kwamba inataka. Kuidhinishwa ni Bunge limesema sawa mnaweza kutumia mpaka hapa, yaani ni ruhusa na mwisho wa ruhusa, sio noti. Kutolewa ni Hazina imehamisha hela kweli kwenda kwa anayetumia. Kutumika ni imelipwa kwa mtu kwa kazi iliyofanyika. Kati ya neno la pili na la tatu ndipo barabara nyingi zinapozama, maana Hazina inatoa kadiri makusanyo na mikopo inavyoingia, na hela ikiwa pungufu vinaanza kulipwa vile visivyokwepeka, mishahara na deni la taifa, miradi inasubiri. Kwa iyo waziri akisimama akasema "barabara hiyo imetengewa fedha" hajasema uongo hata kidogo. Na hajasema kitu.

Alafu ulizoee neno kasma kama alivyosema mzee. Kila wizara ina fungu lake, ndani ya fungu kuna kasma, na zina namba. Swali lenye namba ya kasma haliwezi kujibiwa kuhusu barabara nyingine. Swali lisilo na namba unaweza kujibiwa kuhusu mkoa mzima ukapewa bilioni za kutosha mpaka ukapiga makofi.

Kingine ambacho watu hawakijui, kwenye hela mtu wa kubanwa sio waziri. Ni Katibu Mkuu, kwa sababu yeye ndio afisa masuuli, yeye ndio anasaini na yeye ndio anaitwa kwenye Kamati ya Hesabu za Serikali. Huu utaratibu ni wa zamani sana, Uingereza waliunda kamati yao ya hesabu mwaka 1861 wakati Gladstone ni waziri wa fedha, na nchi nyingi zilizotawaliwa nao zikarithi, Tanzania, Kenya, India wote wanayo. Na desturi ni mwenyekiti wake atoke upinzani.

Kule Uingereza kuna kitu kimoja mimi nakitamani kije kila mahali. Waziri akilazimisha matumizi ambayo Katibu Mkuu anaona hayana tija, Katibu Mkuu anagoma mpaka apewe maagizo ya waziri kwa maandishi, na hayo maandishi yanaenda kwa mkaguzi mkuu. Mwaka 2016 ilitokea hivo kwenye mradi wa daraja la bustani juu ya mto Thames London, Katibu Mkuu wa uchukuzi akaomba maandishi, waziri akayatoa. Mwaka uliofuata mradi ukafa. Ziliishia kama pauni milioni 53, kati yake 43 za umma, na hakuna hata nguzo moja iliyosimama mtoni. Ila kwenye lawama hakuna aliyehangaika kutafuta nani alisema endeleeni. Karatasi ipo.

KiberitiChaMwisho

Haya madarasa mazuri nakubali. Lakini mnaruka kitu. Tuseme mbunge kauliza vizuri, waziri kajibu ukweli kwamba hela haikutoka. Alafu? Mbunge ni wa chama kilekile, akibana sana anaitwa kwenye kamati ya chama anaulizwa wewe upo upande gani, uchaguzi ukija jina linakatwa. Swali zuri bila uti wa mgongo ni sawa na kisu kikali mikononi mwa mtu aliyelala.

Hoja_Binafsi

Kiberiti leo umeongea kitu cha maana, tuandike tarehe.

Ni kweli chama ndio kizuizi kikubwa kuliko ufundi wa swali. Ila sio kweli kwamba haijawahi kutokea mtu wa chama tawala akambana waziri wa chama chake mpaka mwisho. India mwaka 1957, shirika la bima ya maisha la serikali, LIC, lilinunua hisa za kampuni sita za mfanyabiashara mmoja anaitwa Haridas Mundhra ambaye tayari alikua kwenye matatizo, zaidi ya rupia milioni 12, na utaratibu wa kawaida wa kamati ya uwekezaji ukarukwa. Aliyesimama bungeni kuliendea mpaka mizizi ni Feroze Gandhi. Mbunge wa Congress, chama cha serikali. Na sio hivo tu, alikua mkwe wa Waziri Mkuu Nehru mwenyewe! Fikiria jumapili mezani pale. Hakupiga kelele za jumla, alikuja na tarehe za manunuzi na bei ya hisa siku ile ukilinganisha na siku za jirani yake. Ikaundwa tume ya jaji Chagla, ikasikiliza hadharani, na Februari 1958 waziri wa fedha Krishnamachari akajiuzulu.

Kwetu pia ipo. Sakata la fedha za akaunti ya escrow 2014, CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, alikagua, Kamati ya Hesabu chini ya Zitto Kabwe ikaleta taarifa ndani ya Bunge mwezi wa kumi na moja, na mpaka mwisho wa Januari 2015 Mwanasheria Mkuu na waziri wa nishati walikua wameshajiuzulu na waziri wa ardhi kaondolewa. Angalia mnyororo ulivyokua, ukaguzi, kamati, azimio la Bunge zima. Swali la asubuhi peke yake lisingefika huko.

Sasa kuhusu meno. Watu wanapenda sana kuona mbunge "anashika shilingi" ya mshahara wa waziri kwenye Kamati ya Matumizi, redio zinapiga kelele mheshimiwa kashika shilingi. Asili yake ni nzuri, ni kusema sipitishi fungu lako mpaka nielezwe. Lakini tazama inavyoisha, waziri anaahidi, mbunge anarudisha shilingi, makofi. Kwa nini wanarudisha? Sababu moja wapo ipo kwenye Katiba yenyewe, Ibara ya 90, Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali Rais anaweza kulivunja. Yaani ukikataa hela ya waziri mpaka mwisho unaweza kujikuta umejifukuza kazi wewe. Kwa iyo kila anayeshika shilingi anajua atairudisha, na waziri anajua kwamba anajua.

Ndio maana mimi nipo upande wa mzee wa faili. Shilingi inarudishwa, ila tarehe ikishasomwa ikaingia kwenye Hansard hairudishwi. Na Ibara ya 63 inampa mbunge haki ya kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Haki anayo, anachokosa mara nyingi ni maandalizi tu, mtu anaandika swali kwenye gari akiwa njiani.

RamaniNaKamba

Naona wote mmekimbilia barabara, lile la uwanja wa watoto mmeliacha kama mtoto wa kambo. Mimi nimefanya kazi za upimaji na mipango miji, niliseme mimi.

Maamuzi ya mipango ni magumu kuhoji kuliko hela, kwa sababu hela ina namba na uamuzi wa mipango una "maoni ya kitaalam" na "maslahi mapana ya umma". Ukimuuliza waziri kwa nini mliridhia, atakupa sababu. Sababu hazijawahi kupungua duniani. Uwekezaji, ajira, eneo lilikua kichaka, wahuni walikua wanajificha humo, kila kitu. Kwa iyo usiulize kwa nini. Uliza mlolongo, nani aliomba, tangazo kwa wananchi lilibandikwa wapi na siku gani, kikao gani cha mamlaka ya upangaji kilikaa, wataalam waliandika nini, nani wa mwisho kusaini. Tuna Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, mabadiliko ya matumizi yana njia yake, hayatokei usiku yakaamka asubuhi.

Mfano ninaoupenda ni wa Uingereza tena, samahanini, ila huu umekaa vizuri sana. Januari 2020 waziri wa makazi Robert Jenrick aliidhinisha mradi wa nyumba zaidi ya 1,500 eneo la Westferry, mashariki ya London, wa tajiri Richard Desmond. Mkaguzi wa mipango, yaani mtaalam wa serikali yenyewe, alikua ameshauri ukataliwe. Waziri akapita juu yake. Sheria inamruhusu, sawa. Lakini angalia tarehe, kibali kimetoka tarehe 14 Januari, na tarehe 15 Januari halmashauri ya Tower Hamlets ndio inapitisha tozo yake mpya, tozo ambayo ingemgharimu mwenye mradi makumi ya mamilioni ya pauni. Siku moja! Na miezi miwili kabla walikua wamekaa meza moja kwenye chakula cha kuchangisha fedha za chama, na baada ya kibali mwenye mradi akakichangia chama pauni elfu 12.

Halmashauri ikaenda mahakamani ikaomba nyaraka za ndani zitolewe. Waziri badala ya kuzitoa akakubali kwamba uamuzi haukua halali kwa sababu ya kuonekana kuwa na upendeleo, kibali kikafutwa. Mwenyewe alikana kwamba alipendelea kweli, na hilo tuliandike pia tusimuonee. Wabunge hawakuishia hapo, wale wa chama cha upinzani cha Labour mwezi wa sita wakapeleka hoja ya kutaka nyaraka zenyewe ziletwe bungeni, sio maelezo, nyaraka. Zilipotoka zikakutwa meseji kati ya waziri na yule tajiri, na barua pepe za maofisa zinazosema waziri anasisitiza kibali kitoke mapema kabla tozo haijaharibu hesabu ya mradi. Hakuna waziri angeyasema hayo kwa mdomo wake hata umuulize mara mia kwa lugha ya staha.

Kazi hakupoteza pale pale, alikaa mpaka mabadiliko ya baraza Septemba 2021. Kwa iyo Kiberiti najua utasema nini.

KiberitiChaMwisho

Sijasema kitu 😂 ila ndio hivyo

Jirani_wa_Kaskazini

Salamu kutoka Kenya wadau. Huku kwetu mambo yako tofauti kidogo na pengine yatamsaidia mwenye swali kuona upande mwingine. Tangu Katiba ya 2010 waziri si mbunge tena, haketi ndani ya Bunge akicheka na wabunge, huitwa. Kifungu cha 153 kinasema waziri akihitajika na kamati ya Bunge la Taifa au Seneti lazima afike ajibu kuhusu jambo lililo chini yake, na cha 125 kinaipa kamati nguvu kama za Mahakama Kuu za kumwita mtu na kumtaka alete stakabadhi. Baadaye wakabadilisha kanuni mawaziri wakaanza kufika hata kwenye kikao cha Bunge zima kujibu maswali.

Faida nimeiona kwa kamati hasa. Kwa kamati hakuna kusoma karatasi ukaketi, mtu anaulizwa saa mbili, akisema stakabadhi iko ofisini anaambiwa dereva aende aichukue, tunangoja. Ubaya wake pia upo, waziri akitaka kukwepa anatuma barua eti yuko safarini, na kikao kinaahirishwa, na kingine.

Lingine, kwetu ripoti ya Mkaguzi Mkuu ina saa. Kifungu cha 229, miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha awe amekagua na kutoa ripoti, na Bunge lina miezi mitatu kuijadili. Kwa karatasi ni vizuri sana. Kwa vitendo kamati zimewahi kurundika ripoti za miaka kadhaa zikaja kuzisoma waziri husika ameshabadilishwa, mpya anasema mimi sikuwepo. Ndugu Msikiliza, swali lako liandike hata waziri akibadilishwa liendelee kuwa hai. Usiulize "Waziri aliahidi", uliza "Serikali ililipa".

Msikiliza_Bunge

Wakuu nimesoma yote mara mbili, asanteni sana kwa kweli sikutegemea. Nimekaa nimeandika hii hapa, ipigeni nyundo:

"(a) Je, katika miaka mitatu ya fedha iliyopita Bunge liliidhinisha kiasi gani kwa ajili ya barabara hii, Hazina ilitoa kiasi gani na kwa tarehe zipi, na kiasi gani kimelipwa na kwa nani? (b) Je, kibali cha kubadilisha matumizi ya eneo la wazi kilitolewa tarehe ngapi, nani alisaini, na wataalam wa mipango miji walishauri nini?"

BintiMkaguzi

Weka namba ya kasma hapo (a). Ipo kwenye vitabu vya bajeti, vile vya miradi ya maendeleo, mbunge anavyo, pengine vimefungia mlango. Na usiandike "miaka mitatu" kwa ujumla, itaje mmoja mmoja, la sivyo unapewa jumla ya mitatu na hutaona mwaka ambao ulikua sifuri.

Mzee_wa_Faili

Marahaba kijana, umekua haraka. Nakurekebisha mawili.

La kwanza ligawe. Hayo ni maswali mawili ya wizara mbili, ukiyaleta pamoja yatakabidhiwa wizara moja, itajibu linaloiweka vizuri na lile lingine itasema "litafanyiwa kazi na wizara husika". Nimefanya hivo mara nyingi, Mungu anisamehe.

La pili, hapo mwisho "walishauri nini". Unajua ningekuandikia nini? "Mheshimiwa Spika, wataalam walishauri kwa kuzingatia sheria, kanuni na taratibu zote." Kwishney. Toa hiyo. Andika: je, Waziri yupo tayari kuwasilisha Mezani nakala ya ushauri wa maandishi wa wataalam na muhtasari wa kikao kilichoridhia.

Msikiliza_Bunge

Nimebadilisha yote mzee. Lakini hapo si atasema tu "yupo tayari" tukashangilia, alafu hiyo nakala tusiione milele?

Mzee_wa_Faili

Atasema hivyohivyo, neno kwa neno. Ndio maana kuna swali la nyongeza. Mbunge asimame, asimshukuru mtu, amuulize tarehe ngapi.